Naomba ushauri: PhD Madison, niombe idara moja au mbili?

Ngarenaro34: Wakuu habari za jioni. Nina miaka 34, nafundisha Kiswahili sekondari, masta nilimaliza 2019. Nataka kuomba PhD Chuo Kikuu cha Wisconsin, pale Madison, Marekani. Kuna idara ya tamaduni za Kiafrika na kuna ya isimu. Dirisha linafungwa Desemba, usingizi sina. Niombe moja au zote mbili? Matusi hapana.

Mzee wa Kokoto: Miaka 34 PhD ya nini? Nunua bodaboda. Shemeji yangu ana PhD na bado ananikopa hela ya luku.

Theluji Kavu: Madison nimekaa miezi tisa, nilienda kufundisha Kiswahili kwa ufadhili wa Fulbright. Hiyo idara ya Kiafrika ipo tangu 1964, lugha zetu zinasomwa kweli. Ila baridi! Ziwa Mendota linaganda mpaka watu wanatembea juu yake, wanatoboa barafu na kuvua samaki. Mimi siku ya kwanza niligoma kukanyaga, bibi mmoja kikongwe akanipita na kijibwa chake. Ugali nilisonga kwa unga wa Wamexico. Sio wenyewe, lakini unashuka.

Ngarenaro34: Asante mkuu. Sasa moja au mbili?

Mama Wawili Ubungo: Moja. Kila ombi lina ada yake, na maelezo yako lazima yaonyeshe utafanya utafiti gani na mwalimu gani wa idara hiyo. Wadhamini watatu wa kukuandikia barua umewapata? Hapo ndipo wengi hukwama.

Ngarenaro34: Hilo linashughulikiwa.

Mama Wawili Ubungo: Na nani?

Ngarenaro34: Dada, hilo si la msingi.

Mama Wawili Ubungo: Mdogo wangu, ndilo lenyewe.

Ngarenaro34: Sawa. Kuna jamaa anasaidia watu. Milioni tatu, nimeshatoa nusu. Maelezo anaandika yeye. Wadhamini anawafungulia barua pepe kwa majina ya walimu wangu, kiungo cha chuo kikija anajaza. Msikimbilie kusema ni wizi, walimu wale wananijua, wangeandika hayohayo. Tatizo mmoja hapokei simu na mwingine alifariki 2021.

Chumvi Nyingi: Ngoja kwanza. Unadhaminiwa na marehemu?

Mzee wa Kokoto: Kama huko bando lipo, shida iko wapi?

Mama Wawili Ubungo: Achana na huyo mtu leo hii. Mdhamini hutakiwa kutumia barua pepe ya chuo chake, ya kufungua mtaani inashtua mapema. Na hata ukipenya, siku wakigundua wanakufukuza, uwe mwaka wa kwanza au wa nne. Halafu milioni tatu ya nini? PhD nyingi za kule wao ndio wanakulipa: ada inasamehewa, unafundisha, unapewa posho. Nenda kwa mhadhiri yeyote aliyekufundisha masta, hata awe mdogo, mpelekee tasnifu yako mkononi.

Ngarenaro34: Ni rahisi kusema. Ile nusu hairudi. Ni hela ya kikoba cha mke wangu, anajua nimenunua mabati.

Msafi wa Moyo: Umemdanganya mke, sasa unawadanganya Wazungu. Elimu ya namna hiyo haina baraka. Mimi nilirudia fomu foo mara tatu lakini cheti ni changu.

Jicho la Tatu: Wadau mmelala. Akaunti imefunguliwa juzi, huu ni uzi wake wa kwanza, na ndani ametaja huduma, bei, mpaka kulipa nusunusu. Huyu ndiye jamaa mwenyewe, anatangaza biashara. Hii ni chai, tena ya maziwa.

Theluji Kavu: Duh. Na mimi nilishaanza kumwandikia rafiki yangu wa Madison.

Ngarenaro34: Mkuu, anayetangaza biashara angetaja marehemu?

Jicho la Tatu: Hapo ndipo ulipotunasa. Weka risiti.

Ngarenaro34: Nililipa mkononi.

Chumvi Nyingi: Na mabati je, yana risiti? 😂

Mama Wawili Ubungo: Iwe chai au isiwe, niliyoandika yanabaki. Kuna mwingine atasoma.

Kijana wa Uyole: Samahani wakuu, nimechelewa. Huyo jamaa namba yake ipo? Mimi ni masta tu, labda atapunguza.