Lipu ya ndani inamwaga mchanga, nabandua yote au napiga kiraka? (Iringa)

Kipepeo wa Kihesa

Kamwene wakuu. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Nyumba ni ya mzee wangu, ipo Kihesa, tofali za kuchoma, ilijengwa 1994 na lipu ya ndani haijaguswa toka siku hiyo, ni rangi juu ya rangi tu. Mvua zilipoisha ndo nikaanza kuona vituko. Sebuleni chini ya dirisha rangi imevimba kama chapati, ukiibonyeza inapasuka na ndani unakuta unga mweupe kama chumvi ya mezani. Koridoni kuna vinyufa vyembamba vimesambaa kama ramani. Chumba cha watoto nyuma ya kabati ukuta umefanya weusi na unanuka. Halafu kila asubuhi nikifagia pembeni ya ukuta wa sebule napata mchanga, kesho yake naukuta tena pale pale.

Fundi wa kwanza kaja, kasimama mlangoni hata ukuta hajaugusa, kasema bandua nyumba nzima, mifuko 40. Wa pili kasema skimu na wolputi (ile puti ya kulainisha ukuta, inapakwa nyembamba juu ya lipu), paka rangi, siku mbili umemaliza. Sasa nani mkweli? Na nyie mnajuaje kwamba lipu imechoka kweli na sio rangi tu?

mwiko_mkavu

Dada hapo hakuna mkweli, wote wawili hawajapima. Mimi fundi, nipo Mafinga, lipu nimeanza kupiga nikiwa kijana hivyo nisikilize.

Chukua chaki ya mtoto na kijiti, au mpini wa mwiko kama upo. Anzia chini kona ya mlango gonga polepole kila baada ya shubiri moja, panda hadi juu, shuka tena. Ukisikia ngo ngo, sauti ya kitu kilichoshiba, hapo lipu imeshika tofali. Ukisikia bo bo kama unagonga debe tupu, hapo imeachana na ukuta, inajishikilia yenyewe kwa yenyewe tu, zungushia chaki. Fanya ukuta mzima halafu rudi nyuma uangalie. Ukiona viduara viwili vitatu vya ukubwa wa sahani hiyo ni kazi ya kiraka. Ukiona chaki imekula nusu ya ukuta, bandua ukuta huo, ila huo tu, usiniambie nyumba nzima.

Pili chukua msumari ukwaruze, sio rangi, kwaruza lipu yenyewe. Lipu nzima inakupa mstari na vumbi kidogo. Iliyokufa msumari unazama na mchanga unashuka kama kwenye saa ya mchanga, sementi ilishaisha nguvu au siku ile mwenye nyumba alibania mifuko (samahani kwa mzee lakini miaka hiyo wengi walibania, hata leo wanabania). Huo mchanga unaoufagia tayari ni jibu kwa sebule.

Vinyufa vya ramani visikutishe, hivyo vingi ni lipu ilikauka haraka haikumwagiliwa maji. Kama ukigonga inasema ngo ngo, ziba upake rangi. Ufa wa kuogopa ni ule unaotoka kona ya dirisha unakwenda mshazari, ukipitisha ukucha unasikia upande mmoja umepanda, na ukitoka nje unaukuta na huko. Huo sio wa lipu, ukuta wenyewe unatembea. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake na tarehe, uangalie baada ya miezi miwili mitatu kama umepita alama.

Mama Wawili Uyole

Usiskimu mdogo wangu!! Mimi hiyo ya wolputi ilinikuta 2021. Ukuta ulikuwa na unga mweupe hivyo hivyo, fundi akaukwangua juu juu akapiga puti ikawa laini kama kioo, wageni wanasifia. Mvua ya kwanza mwezi wa kumi na moja, puti yote ikaachia, inadondoka vipande kama maganda ya yai, nimelipa rangi mara mbili.

Kumbe shida ilikuwa nje. Nilikuwa na bustani ya maua imepandana na ukuta, udongo uko juu kuliko sakafu ya ndani, mvua ikinyesha tofali zinakunywa maji kutwa, maji yanapanda na chumvi yake, yakifika ndani yanakauka chumvi inabaki inasukuma rangi. Nikatoa maua yote (yaliniuma), udongo nikaushusha chini ya usawa wa sakafu, nikatengeneza mtaro. Ndani nikabandua lipu mpaka juu ya pale palipoharibika kama futi moja zaidi, nikaacha tofali wazi kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, watu wakija sebuleni wanadhani nimefilisika. Ile chumvi nilikuwa naisugua na brashi kavu, usiioshe maji maana inayeyuka inarudi ndani. Mpaka leo ukuta uko vizuri.

Na hapo chini ya dirisha angalia kizingiti cha nje, maji yanaweza kuwa yanarudi ndani badala ya kumwagika.

Ndaga Fijo

Nyie mnaongea lipu, mimi nauliza tofali zimeunganishwa kwa kitu gani, tope au sementi? Huku kwetu Tukuyu nyumba nyingi za zamani ni tofali za kuchoma na tope, sementi imekuja kwenye lipu peke yake. Hapo hata upige lipu ya dhahabu itaachia, tope halishiki. Ukishabandua kwangua viungo viingie ndani kama sentimita moja na nusu, piga brashi vumbi litoke, lowesha tofali kwanza maana tofali ya kuchoma ina kiu itanyonya maji yote ya lipu. Wengine wanapigilia wavu wa kuku. Na isiwe nene, milimita 12 mpaka 15, ukuta ukiwa umepinda piga mara mbili, sio kujaza karai zima kwa mkupuo.

Kipepeo wa Kihesa

Wakuu nimerudi, nimegonga jana jioni nyumba nzima, watoto walidhani nimechanganyikiwa. Koridoni ngo ngo kote. Sebule ule ukuta wa dirisha ni bo bo kuanzia sakafuni mpaka kiunoni, juu iko vizuri. Chumba cha watoto ngo ngo, hata kwenye weusi. Na mama Wawili umenipata, nje ya sebule nimekuta kifusi cha mzee cha miaka hiyo kimelala ukutani kimeota majani.

mwiko_mkavu

Sasa umeona. Chumba cha watoto sio lipu, ni ukungu wa baridi, pumzi za usiku zinagota kwenye ukuta wa baridi nyuma ya kabati. Ukitaka uhakika bandika kipande cha nailoni kwa selotepu, bana pembe zote, kesho yake angalia: umande ukiwa juu ya nailoni ni hewa ya chumbani, ukiwa chini yake ni ukuta. Vuta kabati mbele kidogo, fungua dirisha mchana. Na jiko la mkaa lisilale na watoto, najua baridi ya Iringa mwezi wa sita lakini hapana.

Sebule toa kifusi kwanza. Mfuko mmoja wa sementi, ukichanganya ndoo tano za mchanga kwa ndoo moja ya sementi, unakupa mita za mraba 10 hivi, ukuta wako hadi kiunoni mifuko miwili inatosha na inabaki. Mwagilia wiki nzima, rangi subiri wiki nne, na isiwe ya mafuta.

Kipepeo wa Kihesa

Miwili kutoka 40 😂 Jumamosi naanza na kifusi. Mzee anauliza nani karuhusu kiguswe.