Natoka kambini Nyerere masika haya, nitawahi Ifakara Jumamosi?

MpishiWaMahema

Wakuu, salaam. Mimi ni mpishi kwenye kambi ya watalii ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, upande wa Mtemere. Mvua zimeshaanza, wageni wa mwisho wanaondoka Jumatatu, kisha tunafunga msimu: kushusha mahema, kuzitoa boti majini, kupakia friji na magodoro. Meneja katangaza kwamba tutatoka wote Alhamisi asubuhi, nyuma ya loli.

Jumamosi nyumbani Ifakara tunapeleka mahari ya mdogo wangu. Baba hayupo tena, baba mdogo anaumwa, mimi ndiye mkubwa. Wazee wa upande wa binti wamesema wazi wanataka kumwona mtu mzima wa familia, hawataki pesa za kutumwa kwenye simu. Nisipofika shughuli imelala, na huyu kijana amesubiri kwa uvumilivu mno.

Ukihesabu kwa vidole siku zinatosha: Alhamisi Dar, Ijumaa Ifakara. Lakini msimu uliopita msafara wetu ulilala porini kabla hata ya kuliona geti, mtandao hakuna, nyumbani wakadhani tumekufa maji. Naomba ushauri kwa wanaoijua njia hii. Nifuate msafara, niombe kiti kwenye ndege, au nikatize hifadhi hadi stesheni ya Matambwe nikadandie treni ya TAZARA, maana reli inapita Ifakara? Halafu nikikwama, gharama ni za nani? Mkataba wangu ni wa msimu, unaisha siku tunayofunga.

SukaWaMloka

Mkuu, njia hiyo nimeiendesha misimu mingi. Usitoke na loli! Loli la kufunga kambi limebeba jenereta, friji, mitungi ya gesi, na udongo wa huko ni ule mweusi wa mbugani. Ukishalowa unanata kwenye tairi mpaka gurudumu linakuwa duara la tope lisilo na meno. Loli likizama katikati ya njia, mlio nyuma wote mmefungwa, kwa sababu pembeni nako hakupitiki.

Halafu kuna makorongo. Asubuhi ni mchanga mtupu, mvua ikipiga huko juu jioni maji yanafika kifuani. Mara nyingi usiku yanapungua, kwa hiyo dereva mwenye akili anasubiri. Shida ni kwamba ndani ya hifadhi hakuna kutembeza gari usiku, na huwezi kushuka ukaenda kwa miguu kwenye tembo na simba. Saa tatu mlizopoteza korongoni mchana zinawalaza hapohapo. Watu wanadhani madereva tunazembea. Hapana, tunakataa kuzamisha watu.

Ushauri wangu: omba kutoka Jumanne. Wageni wameondoka Jumatatu, mpishi wa wageni anabaki kumpikia nani? Ugali wa wafanyakazi wanane mtu yeyote anaupika. Ukipata gari jepesi linalokwenda Mloka, kijiji cha nje ya geti, kuchukua mafuta au mboga, panda hilo. Wala usihesabu safari mpaka Dar, hesabu mpaka Mloka tu. Ukilala Mloka kuna basi la Mbagala la alfajiri, na lisipotoka unatafuta namna ya kufika Kibiti. Ukigusa lami ya Kibiti, umeshatoka. Ila uliza mapema hali ya barabara pale Mkongo, kati ya Mloka na Kibiti. Masika ya 2024 mto Rufiji ulipofurika, mipango ya watu wengi wilaya za Rufiji na Kibiti ilikufa.

DadaWaMapokezi

Kaka, hongera kwa kuibeba familia. Kuhusu ndege nakwambia nilichokiona kazini. Kiti cha mfanyakazi ni kile kilichobaki. Akiongezeka mgeni mmoja kambi ya jirani, wewe unashuka. Mizigo ni kilo 15 na begi liwe laini, kwa hiyo zawadi za mahari usizitegemee humo. Viwanja vyetu ni vya udongo na havina taa, rubani akiona pamelowa anapitiliza, na jua likizama ndiyo basi. Kuna mwenzangu alikaa kiwanjani na begi tangu asubuhi, ndege ikaelekezwa kwingine.

Lakini ndege ya Jumatatu inayokuja kuwachukua wageni wenu lazima itafutwe namna ije, maana wageni wamelipia. Ongea leo na ofisi ya Dar waulize kama ina nafasi. Wakikubali, jibu liwe la maandishi.

MtotoWaReli

Mimi ni wa Kisaki. Wazo la Matambwe liache. Kutoka Mtemere unakatiza makorongo mengi kuliko ya kwenda Mloka, na ukifika unasubiri treni ambayo nayo ina masika yake. Reli ile inakwenda kilomita 1,860 mpaka New Kapiri Mposhi, na kule milimani kati ya Mlimba na Makambako udongo hushuka. Treni ikichelewa kurudi Dar, inachelewa kuondoka tena. Naipenda TAZARA, imenilea, ila si kwa shughuli yenye saa.

Ukifika Mbagala usipoteze muda, kuvuka jiji hadi kituo cha Magufuli pale Mbezi kunakula saa nyingi. Ikiwa umechelewa mabasi ya Ifakara, chukua treni ya SGR hadi Morogoro, ulale, asubuhi upande gari stendi ya Msamvu kupitia Mikumi na Kidatu.

AfisaMstaafu

Kuhusu gharama. Soma kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mkataba ukiisha na wewe uko mbali na mahali ulipoajiriwa, mwajiri anakusafirisha na mizigo yako, au anakulipia usafiri, au anakupa posho isiyopungua nauli ya basi. Na kwa siku unazosubiri kusafirishwa baada ya mkataba kuisha, anadaiwa fedha ya kujikimu. Angalia mkataba umeandika uliajiriwa wapi, Dar au Ifakara. Hapo ndipo wengi wanapunjwa.

MpishiWaMahema

Asanteni sana. Ndege ya Jumatatu imejaa. Nimezungumza na meneja, amekubali nitoke Jumanne na gari la mafuta, msaidizi wangu atapika. Mkataba wangu umeandikwa Ifakara, nitamwonyesha kifungu hicho kabla sijasaini. Suka, nikifika Mloka jioni, basi la alfajiri nakata tiketi wapi?

SukaWaMloka

Usisubiri asubuhi. Basi linalala palepale kijijini, mtafute kondakta jioni hiyohiyo umpe jina na umlipe, kisha lala jirani na gari. Nguo za mahari zifunge kwenye nailoni ndani ya begi, juu ya keria kunalowa.