Tupeane uzoefu: ulisomaje vyanzo vyako na ulimwandikia nani utafiti wa chuo?

Wakuu habari za jioni. Msimu wa disetesheni ndo huu, stashonari zote za karibu na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, zina foleni, na naona wengi tunajaza tu "kwa mujibu wa fulani" mpaka mapitio yanatimia kurasa. Mimi swali linalonibeba ni hili: huyu aliyeandika, alikuwa anamwandikia nani? Mada yangu ni ule mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, ulianza 1947 ukafutwa 1951. Andiko la mwanzo liliandikwa ili serikali ya London itoe hela, kwao mafuta ya kula yalikuwa shida baada ya vita, kwa hiyo humo unakutana na ekari zaidi ya milioni 3 ila mvua na udongo wanavipitia juu juu. Ukija kwa walioandika baada ya mradi kuanguka ndo unakuta udongo wa mfinyanzi uliokauka ukawa mgumu kama saruji, mashine zinavunjika, mvua yenyewe ya kubahatisha. Ardhi ileile jamani! Nikaenda kwa wazee wa kule, wakaniambia habari ya mvua za Kongwa kila mtu kijijini alikuwa anaijua, shida hakuna aliyewauliza. Kwangu hiyo ndo sura nzima ya tatu. Haya, na nyie leteni zenu.

Binti Kondoa: Asante mkuu kwa uzi. Mimi nimefanya kuhusu HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), ule mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza 1973, halafu 1979 mifugo ikatolewa kwenye eneo lililoharibika kwa mmomonyoko kule Kondoa. Ripoti za mradi zinasifia nyasi kurudi na makorongo kutulia, na ni kweli, ukifika unaona miti kwa macho. Ila nikakaa na bibi mmoja akanisimulia walivyoswaga ng'ombe kwenda kwa ndugu wa mbali, watoto wakabaki bila maziwa. Ripoti iliandikiwa wafadhili na wizara, bibi hayumo. Sikumchagua mmoja nikamtupa mwingine, niliwaweka wote ukurasa mmoja nikaeleza kila mmoja anaongea akiwa amesimama wapi, na supavaiza wangu akasema hapo sasa unafanya utafiti.

Mkulima msomi: Upande wa kuandika nina neno. Nilikusanya dodoso kwa wakulima wa zabibu, disetesheni ikaandikwa Kiingereza kwa ajili ya jopo, inaanza na nadharia, mbinu, matokeo yako huko mwishoni. Wakulima wakaniuliza kijana, majibu yetu yako wapi? Ni haki yao kabisa, muda walitoa wao. Nikaandika kurasa chache za Kiswahili, nikaanza na wanachokitaka wao, ubwiri unga (ule ugonjwa wa ukungu wa zabibu) na bei, nadharia nikaiacha kabisa. Tukazisoma pamoja chini ya mti, mama mmoja akanifafanulia kwamba mavuno ya mwanzoni mwa mwaka na yale ya Agosti na Septemba hayapuliziwi dawa kwa mtindo mmoja, na maelezo yake yakaingia kwenye disetesheni kabla sijaikabidhi. Kumbe kumwandikia mtu mwingine kunakurudisha kwenye data yako mwenyewe.

Mzee wa takwimu: Fupi tu. Angalieni mwaka wa chanzo! Mkoa wa Dodoma sensa ya 2012 ulikuwa na watu 2,083,588, ya 2022 ni 3,085,625. Bado nakutana na kazi mpya zinasema milioni 2, mtu amedesa kwa aliyedesa.

Nesi mtarajiwa: Samahani dada na kaka zangu, mimi niko uuguzi, makala karibu zote nilizopata ni za Marekani. Nizitupe?

Mwanzisha uzi: Usitupe mdogo wangu. Anza na sehemu ya mbinu kabla ya hitimisho: walihoji akina nani, wangapi, hospitali ya namna gani, nani alilipia. Wodi yenye nesi mmoja kwa wagonjwa wachache sio wodi yetu, kwa hiyo andika wazi kipi kinakuhusu na kipi hakikuhusu, msomaji wako wa hapa aone umefikiria. Kesho jioni nipo maktaba, njoo na makala moja tuipitie wote.