"Say" na "tell": lipi likae wapi?

Mpenda Insha:
Habari za humu wakuu. Namsaidia mdogo wangu insha ya Kiingereza, na sentensi moja imetugombanisha tangu jana: "She said me that she was ill." Nahisi hapo pangekaa "told", ila nikiulizwa sababu sina. Yeye anataka sababu, na ana haki. Kamusi yetu imeyatafsiri yote mawili kuwa "sema". Tofauti hasa ni nini?

Bi Sarufi:
Umehisi sawa, na sababu unayo tayari kwenye Kiswahili chako. Jaribu kutamka "aliambia kuwa anaumwa". Sikio linakataa papo hapo, maana kuambia lazima kumshike mtu: aliniambia, alimwambia, alituambia. "Tell" ni vivyo hivyo, linataka mtu mara baada yake, bila kihusishi katikati: "She told me that she was ill."

"Say" linabeba maneno yaliyotoka. Msikilizaji si lazima atajwe. "She said that she was ill" imetimia. Ukitaka kumtaja, mpitishe kwenye "to": "She said it to me."

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba ulinganifu huu unafika hadi kauli ya kutendwa. "I was told" ni niliambiwa. "It is said that he is rich" ni inasemekana ni tajiri. "I was said that..." haipo, na hata kwetu nilisemwa ni mambo ya kusengenywa. Amri pia: mwambie asubiri, "Tell him to wait."

Mzee wa Hoja:
Bi Sarufi, mbona "tell a lie", "tell the truth" na "tell the time" hazina mtu? Kanuni imekwama hapo.

Bi Sarufi:
Haijakwama, ila umegusa panapohitaji kukariri. "Story", "joke", "lie" na "truth" zimezoeana na "tell". Hapa ndipo Kiswahili kinatuponza: sisi husema kweli na husema uongo, basi mwanafunzi anaandika "say the truth". Mzuie mapema. Kwa upande wa pili, "say goodbye" na "say a prayer" kwa kawaida hazipokei "tell".

"Tell the time" ni maana nyingine, ya kung'amua. Ndiyo ileile ya "I can't tell the twins apart", siwezi kuwatofautisha hao pacha. Hapo sahau kuambia.

Maneno yaliyoandikwa mahali huchukua "say": "The sign says 'Stop'."

Mpenda Insha:
Asante sana, amekubali na anaandika upya. Anauliza kama "says" inatamkwa "seiz".

Bi Sarufi:
Hapana, ni "sez". Na "said" ni "sed". "Sei" inabaki kwenye "say" yenyewe.