Mkaguzi wa hesabu za kaunti yetu: awe mwenyeji au mgeni?

WA KIBOKONI (mwenye mada)
Jana barazani tulizozana hadi kahawa ikapoa. Mpwa wangu amemaliza mitihani ya Kasneb, ile bodi ya mitihani ya uhasibu, ni CPA sasa, yaani mhasibu mwenye cheti, na yuwataka kuomba kazi katika Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Dada yangu usiku kucha ni dua: apangiwe Mombasa, akae karibu na mamake. Nikasema dua hiyo siitikii amina. Mtoto wa Mombasa asikague hesabu za kaunti ya Mombasa. Almanusura nimwagiwe buli.

Hoja yangu ni hii. Mwaka wa fedha waisha Juni 30, na kifungu cha 229 cha Katiba ya Kenya chataka ripoti iwe tayari ndani ya miezi sita. Muda huo mkaguzi anashinda na mafaili, anauliza vocha iko wapi, risiti ya masurufu, zile pesa za safari na kazi, iko wapi, nani alitia sahihi kupokea mali stoo. Sasa huyo wa kuulizwa ni mume wa shangaziye. Mwenye tenda walikaa mkeka mmoja chuoni. Chai ya mgeni wairudisha. Ya ami yako utairudishaje, na Ijumaa mwasali safu moja?

MAMA WA LIKONI
Kaka, zamani twaambiwa kazi hatupati kwa kuwa hatukusoma. Watoto wamesoma, sasa kosa lao ni kuwa na ami wengi! Huko bara wakaguzi hawana ami?

Na huyo mgeni wako atajua nini? Aonyeshwe kipande cha barabara aambiwe ni kipya, atajuaje kuwa lami ile yavukwa na mbuzi tangu mwaka juzi? Mwenyeji hana haja ya kuuliza, ashapita hapo akienda sokoni. Mwasema mgeni njoo mwenyeji apone. Miaka yote hii wamekuja, nani kapona?

MSTAAFU WA TUDOR
Kazi hii nimeifanya miaka mingi, tena mbali na kwetu, kwa hivyo niruhusuni.

Kaunti moja, siitaji, tulipelekwa kukagua zahanati mbili. Gari lao, dereva wao, chakula chao. Ya kwanza asubuhi. Ya pili baada ya chakula cha mchana, kwa njia ya vumbi ndefu. Timu nzima tulikuwa wageni, na tuliandika kuwa tumeziona zote mbili. Jioni mama muuza mahamri akatucheka: jengo ni lile lile, tumeingizwa kwa lango la nyuma na kibao kimebadilishwa. Tukarudi kufuta tulichoandika. Basi Mama wa Likoni ana haki yake hapo.

Lakini mgeni naye habaki mgeni milele. Mwaka wa tatu ana fundi wake wa nguo, ana duka la kukopa, mhasibu mkuu kamwalika arusi. Nimeona wenzangu, watu wazuri tu, hoja zao za ukaguzi zikiwa laini kila mwaka hadi ikabaki "maelezo yameridhisha". Mkaguzi Mkuu mwenyewe Katiba yampa miaka 8, muhula mmoja basi. Kwa nini yule wa chini, anayeshika vocha kwa mkono, aachwe aote mizizi? Mwenyeji awe ndani ya timu, asiiongoze, aandike mapema jamaa zake wako idara gani. Na ofisi iwe na gari lake! Hilo la gari nitalisema mpaka nizikwe.

KIJANA WA CHANGAMWE
Wazee wangu, shikamooni. Mwabishana mtu apangiwe tawi gani, sisi hata kuitwa mahojiano bado. Digrii ipo, CPA ipo. Nafuu ndogo tuliyoona ni sheria ya 2022: vyeti vya polisi na vya ushuru vyatakiwa ukishapewa kazi, si kabla. Zamani ulilipia karatasi za kwenda kukataliwa.

Mimi mkinipeleka Garissa, nabeba begi leo hii. Ila fomu yaniuliza kaunti ya nyumbani. Nikiandika Mombasa, yanisaidia ama yaniponza?

WA KIBOKONI
Mwanangu, marahaba. Andika ukweli, la kuponza silijui.

Mzee wa Tudor, zahanati yako imenipiga. Nakubali mwenyeji awe kwenye timu. Kuongoza, hapana, na hapo sitoki. Ripoti yenyewe ikishatoka, bunge la kaunti lina miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua. Ikiwa huko nako ni ami, na mkaguzi ni ami, nani atabaki wa kuuliza?

Dada yangu amesoma yote haya. Amenitumia ujumbe: "Siku ukifa, hesabu ya mirathi yako tumlete mtu wa Nyeri aipige?" Sijamjibu.