Pachislo ya nyumbani inajizima ikipenda: transfoma, plagi au bodi mpya?

Ami_Kibokoni
Salaam aleikum jamani. Nina pachislo, ile mashine ya sloti ya Kijapani yenye magurudumu matatu na vitufe vitatu vya kuyasimamisha. Ilikuja na kontena la mitumba ya Japani. Iko sebuleni, watoto wanaichezea kwa medali zake, hakuna shilingi inayoingia wala kutoka, kwa hivyo wa kunihubiria kamari apumzike kwanza.

Shida zenyewe: ikichezwa muda, ghafla taa zote zinazima, kisha inaanza upya kama ndio kwanza imechomekwa. Siku nyingine inacheza jioni nzima bila neno. Halafu mara moja moja gurudumu la kulia linatetemeka, linashindwa kujua lisimame wapi, na mashine inatoa alama ya kosa.

Fundi wa kwanza kasema ninunue bodi kuu, ile ya elektroniki inayoongoza mashine yote. Wa pili kasema ni chumvi ya bahari, nisafishe plagi zote. Duka nililonunua transfoma ya kushusha stima yetu iifae mashine wanataka nichukue kubwa zaidi. Nianze na lipi?

Fundi_Tudor
Waleikum salaam ami. Hizo ni shida mbili, usizitibu kwa dawa moja. Mashine nzima ikizima na kuwaka, tafuta kwenye umeme. Gurudumu moja likiyumba na mengine yako sawa, tafuta kwenye gurudumu hilo, waya wake na sensa yake, yaani kihisio chake. Bodi kuu iwe ya mwisho kabisa.

Nijibu haya: inazima wakati gani hasa? Inapotema medali, au hata ikiwa imetulia? Na transfoma yako imeandikwa nini?

Ami_Kibokoni
Imeandikwa 220 kwa 110. Kuzima hakuchagui, hata ikiwa haichezwi inazima. Nikiiacha ipoe inarudi vizuri.

binti_Likoni
Mimi niko upande wa fundi wa pili. Huku kwetu hata kufuli la mlango linaota kutu ndani ya nyumba, sembuse vipini vya plagi vya mashine iliyokaa ghala miaka. Nina jukboksi ya zamani, ile mashine ya kupiga muziki, na nusu ya matatizo yake yaliisha nilipochomoa kila plagi na kuirudisha. Kule kuchomoa na kuchomeka tu kunakwangua utando.

Ila angalieni mnachopulizia. Ile dawa ya kawaida ya kulainisha bawaba inaacha mafuta, na mafuta yanashika vumbi. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi ina maji karibu theluthi. Tafuta dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, au alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, upake kwa brashi laini, uache ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Kama kuna kadi yenye meno ya shaba, raba ya penseli inatosha.

Mhandisi_Changamwe
Dada, kusafisha hakuna hasara, lakini "nikiiacha ipoe inarudi" ni maneno ya joto. Tupige hesabu. Mashine hizi zimetengenezwa kwa volti 100, umeme wa Japani. Transfoma ya 220 kwa 110 inagawa kwa mbili, basi. Stima yetu ni 240, kwa hiyo inatoa 120. Usiku mtaa ukilala na laini ikipanda hadi 250, mashine inakula 125, robo zaidi ya inachotaka.

Kama ndani ya boksi la umeme la mashine kuna transfoma na regyuleta za kawaida, vile vidude vya kushikilia volti isipande, ziada yote inageuka joto. Regyuleta nyingi za aina hiyo zina kinga yake: ikipata moto kupita kiasi inajikata, ikipoa inarudi. Ukiangalia kutoka nje, mashine imezima na kuwaka yenyewe.

Kwa hiyo wa dukani wanakuuzia ukubwa wa wati ilhali tatizo ni volti. Transfoma ya 220 kwa 110 ya wati 1000 nayo itatoa 120 ile ile.

Yakhe_Mvita
Na masafa ya umeme je? Wao si hezi 60, na sisi 50?

Mhandisi_Changamwe
Japani wana yote mawili. Upande wa Tokyo ni 50, upande wa Osaka ni 60, na mashine zinauzwa nchi nzima. Hapo hapana shida.

Yakhe_Mvita
Basi mwambieni ami achukue kile kigeuzi chepesi cha safari, kimeandikwa wati 1600 na kinaingia mfukoni. Bei yake nusu ya transfoma.

Fundi_Tudor
Yakhe, hapana! Kile ni cha pasi na mashine ya kukausha nywele. Hakina transfoma ndani, kinakatakata wimbi la umeme tu. Waya wa kupasha joto haujali, bodi ya elektroniki inaumia. Pima kwa mkono: kitu cha wati mia kadhaa lazima kiwe kizito, kina chuma na shaba.

Ami, chukua mita, weka kwenye volti za AC, upime upande wa kutokea wa transfoma huku mashine inacheza. Acha mita hapo hadi izime. Ikisoma juu ya 115 muda wote, Mhandisi ameshinda. Ikishuka ghafla ndipo mashine ikazima, basi soketi, waya wa upanuzi au transfoma yenyewe imelegea. Kama hujazoea, mwite fundi ashike yeye hizo waya.

Ami_Kibokoni
Nimepima, mtoto wa dada yangu ambaye ni fundi akishika mita. Inacheza kati ya 119 na 123. Ilipozima mita haikutikisika hata kidogo. Tuligusa ubavu wa boksi la umeme, mkono haukai.

Mhandisi_Changamwe
Jibu hilo. Sasa una njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta transfoma ya kutoa 100, zinapatikana kwa kuagiza. Ya pili, ambayo ningeifuata mimi, ni kumwendea fundi wa kuwaindi mota akutengenezee ya 240 kwa 100, VA 300, yaani ukubwa wa kama wati 300. Mwambie nyuzi za kuingia na za kutoka ziwe mbalimbali. Nyingi za bei rahisi zina koili moja ya pamoja, na ikikatika mahali pabaya, 240 yote inaingia kwenye mashine. Weka na fyuzi.

binti_Likoni
Nakubali kwa hilo la kuzima. Lakini gurudumu la kulia bado ni langu.

Fundi_Tudor
Ni lako kweli. Zima, chomoa, subiri kapasita, zile zinazohifadhi umeme hata ukichomoa, ziushushe. Kila gurudumu lina kibendera kidogo kinachopita katikati ya sensa ya mwanga ili mashine ijue lilipo. Vumbi likiziba, au kibendera kikipinda kidogo, linapotea njia. Safisha kwa brashi kavu. Kisha, kama plagi za magurudumu zinafanana, badilishana la kulia na la kushoto. Kosa likihamia upande wa pili, ni gurudumu au sensa. Likibaki pale pale, ni waya au bodi. Fanya jambo moja, uicheze, ndipo ufanye la pili, la sivyo hutajua kilichoponya.

Yakhe_Mvita
Na ile bodi ya fundi wa kwanza?

Fundi_Tudor
Inakuja ndani ya kasha la plastiki lililofungwa kwa lakiri, na inataka ifanane na modeli hiyo hiyo. Uagize Japani, ulipe usafiri na ushuru, halafu uichomeke kwenye volti 123.

Ami_Kibokoni
Sensa ilikuwa na utando wa vumbi kama sufi. Nimeifuta, gurudumu halijayumba tena, ila nitaliangalia. Transfoma nimeagiza kwa fundi wa kuwaindi, ananiuliza kama nataka ya 100 kamili au niongeze kidogo.

Mhandisi_Changamwe
100 kamili kwenye 240. Laini ikipanda 250 utapata 104, inavumilia.