Modemu mbili za zamani zinalia lakini hazishikani, naishia NO CARRIER

Mkweche98:
Wakuu, habari za jioni. Nina kompyuta mbili za Windows 98 nimezifufua kwa mapenzi tu, faida msiniulize. Kila moja ina modemu ya nje ya 56K, yaani kilobiti 56 kwa sekunde. Laini ya mezani ilishakatwa zamani, kwa hiyo natumia adapta ya simu za intaneti yenye matundu mawili, tundu moja linalipigia jingine. Simu za kawaida zinaongea safi. Modemu mwanzoni iligoma, NO DIALTONE. Nikaweka amri ya ATX3 ili isisubiri mlio wa laini, sasa inapiga na ya pili inapokea. Zinapigiana makelele karibu dakika nzima, halafu NO CARRIER. Dereva nimeweka upya, wapi. Tatizo nini?

Bando la Wiki:
Mkuu, wenzio tuko 4G 😂

Fundi Siriali:
Dereva achana nayo. Modemu ikishapiga na kupokelewa, dereva haina kesi. Mchawi ni hiyo adapta. Imetengenezwa kwa sikio la mtu: inabana sauti, inafuta mwangwi, ikidhani pako kimya inakata. Wewe ukiongea husikii tofauti, modemu inasoma kila badiliko dogo la wimbi.

Ingia kwenye mipangilio yake, matundu yote mawili. Kodeki, yaani njia ya kugeuza sauti kuwa data, ibaki G.711 peke yake; G.729 toa kabisa, ndiyo inayobana sauti. Zima kufuta mwangwi na kukata ukimya. Ile akiba inayosawazisha ucheleweshaji wa pakiti iwe ya urefu usiobadilika, maana ikijirefusha katikati ya simu, modemu zinapotezana.

Na 56K usiitegemee. Ilitaka upande mmoja uwe umeungwa kidijitali na mtandao wa simu, kama walivyokuwa watoa huduma. Modemu mbili za analogi mwisho wake 33.6K.

Mama Tekno:
Naongezea kwa Fundi. Kama chipu ya modemu ni ya Conexant, anza na amri ya AT+MS=V32B, itabaki kwenye kiwango cha V.32bis, biti 14400 kwa sekunde. V.34, kiwango cha kasi zaidi, inaipima laini kwanza, kila kasoro inaikuta, V.32bis haina makuu. Weka na ATW2, ionyeshe kasi ya laini yenyewe. Bila hiyo unaweza kuona CONNECT 115200 ukashangilia bure, kumbe ni kasi ya waya kati ya kompyuta na modemu.

Bando la Wiki:
Si ungeongeza S7 tu, ule muda wa modemu kusubiri mwenzake, isubiri zaidi?

Fundi Siriali:
S7 inarefusha kusubiri, haisafishi laini. Wakishindwa kuelewana kwa dakika moja, hata tatu watashindwa.

Mkweche98:
Wakuu, G.729 ndiyo ilikuwa imekaa juu kabisa kwenye orodha! Nimeitoa, na vile vingine nimezima. CONNECT 14400 mara moja. Nikaondoa V32B, ikapanda 26400. Picha ya kilobaiti 200 imepita kwa programu ya HyperTerminal dakika moja na ushee, nimeitazama yote ikienda 😄

Sasa nimewasha Dial-Up Server, sehemu ya Windows ya kupokea simu za modemu, upande wa pili. Inapokea simu, neno la siri inakubali, lakini mafolda siyaoni.

Mama Tekno:
Umeweka TCP/IP peke yake, sivyo? Kwa mafolda jaribu NetBEUI, lugha nyingine ya mtandao iliyomo kwenye Windows 98. Weka NetBEUI kompyuta zote mbili, hakikisha umewasha kushirikisha mafaili, kisha washa upya. Ukikwama, tupia hapa picha ya dirisha la Network.